Mstari Uliofurika Kulia

Katika kiwanda cha uchapaji cha Rola, mpangaji kurasa aliitwa Mama Pambizo, na wateja wengi hawakujua kama ana jina lingine. Alilipata jina hilo siku alipokataa kuiachia kazi ya kadi za harusi, kisa pambizo la kushoto lilizidi la kulia kwa upana wa ukucha. Bwana harusi mwenyewe alikuja, akaigeuza kadi huku na huku, akasema haoni tofauti yoyote.

"Huoni kwa sababu uko kwenye mapenzi," Mama Pambizo alimwambia. "Ngoja mwaka upite, utaiona kila ukiitazama."

Kadi zikapangwa upya. Rola, mwenye kiwanda, alilalamika wiki nzima, lakini tangu siku hiyo hakuna kazi iliyopanda mashine kabla Mama Pambizo hajaitikia kwa kichwa. Rola naye hilo halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa jinsi alivyoziosha rola za mashine yake kuukuu kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kelele za mashine zilikuwa zimemla nusu ya masikio, kwa hiyo hata siri aliisema kwa sauti ya mnadani.

Chumba cha Mama Pambizo kilikuwa nyuma ya stoo ya karatasi. Kilikuwa na meza moja, skrini mbili, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na harufu ya wino na mafuta ya taa ambayo mumewe alisema anaisikia hata siku za mapumziko. Hapo ndipo mama mkwe wake alipomletea kazi iliyowafanya wawili hao wajuane, baada ya miaka yote ya kuishi ua mmoja.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Alikuwa amefanya kazi katika kituo cha uzazi hadi nywele zikawa nyeupe, na baada ya hapo aliendelea kuwafundisha wakunga wa majumbani, wale wanawake wazima wanaoitwa usiku na majirani kabla gari halijapatikana. Daktari wa kituo alikuwa amemwomba kwa muda mrefu ayaweke mafunzo yake kwenye kitabu. Mwishowe aliyaandika, kwa Kiswahili cha kila siku, ila kwa herufi za Kiarabu. Ndizo alizojifunza kwanza utotoni chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na ndizo walizozijua wanafunzi wake. Wengi wao hawakupita shule nyingine. Ukiwapa karatasi ya herufi za kawaida wanamtafuta mjukuu awasomee. Ukiwapa herufi za Kiarabu wanasoma wenyewe, tena mbio.

"Kitabu hiki hakihitaji mjukuu," mama mkwe alisema, akaweka rundo la karatasi mezani.

Hawakuwa maadui, wawili hawa. Walisalimiana vizuri, walipelekeana chakula, waliuguzana. Lakini kazi ya mkwewe mama mkwe hakuielewa hata kidogo. Akiulizwa na watu, alisema "yule anakaa na kompyuta," na siku moja aliuliza kwa nia safi kabisa, "Maneno si yameshaandikwa na mwenyewe? Sasa wewe unayafanya nini tena?" Mama Pambizo alifungua kinywa kujibu, akaona jibu refu, akarudi kwenye kazi yake.

Safari hii alikaa naye, wakapanga pamoja. Mama mkwe alitaka herufi kubwa, za macho yaliyochoka. Alitaka michoro. Na alitaka jambo moja zaidi.

"Yale ya hatari yatie kwenye boksi," alisema. "Boksi lenye mstari mweusi mnene pande zote. Mtu akifika hapo ajue amefika penye kusimama."

Mama Pambizo alifanya hivyo. Kila onyo aliliweka ndani ya boksi jembamba lenye ukingo mweusi, na pembeni yake mchoro. Alikuwa amesoma chuoni utotoni kama wengine, kwa hiyo kuzichapa herufi hakukumsumbua. Programu yake ya kupanga kurasa nayo ilizijua. Ilizishikanisha vizuri, ikaanza mistari kulia na kuimalizia kushoto, na kurasa zikatoka nadhifu kiasi kwamba alimwita Rola aje aone.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Programu ilikuwa inanung'unika. Mstari wowote ukishindwa kuenea katika upana uliopewa, programu hiyo huandika lalamiko kwamba mstari umefurika, na kwenye ukurasa huchora kijiti cheusi kando ya mstari huo ili mpangaji akione. Kwenye maboksi ilikuwa imelalamika mara nyingi. Mama Pambizo alifuata malalamiko hayo moja moja. Katika kazi zote alizowahi kufanya, mstari uliofurika ulitokeza pale unapoishia. Mistari hii iliishia kushoto, basi alikagua kushoto. Kushoto kulikuwa kumenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hakuna neno lililotokeza, hakuna kijiti. Akaona programu inaleta visa kwa sababu ya herufi ngeni, kama jirani anayelalamikia kelele za nyumba isiyo na watu. Akampa Rola kurasa, na Rola akatengeneza sahani za kuchapia.

Mama mkwe alikuja asubuhi kusoma mara ya mwisho. Alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, miwani puani, midomo ikitembea bila sauti. Mama Pambizo alikuwa akiendelea na kazi nyingine. Ghafla midomo ile ikasimama.

"Mwanangu," mama mkwe aliita. "Hii nani ameiandika?"

"Ipi, mama?"

"Hii ya boksi. Inasema, kondo la nyuma likichelewa kutoka, salama kuvuta kamba ya kitovu."

Mama Pambizo aligeuka. "Wewe uliandika si salama."

"Ndiyo. Niliandika si salama. Hapa inasema salama."

Mama Pambizo alinyanyuka, akaenda kuinama juu ya bega la mama mkwe. Mstari wa pili wa boksi ulianza na neno *salama*. Mbele yake hapakuwa na kitu, ukingo mweusi tu. Alirudi kwenye kompyuta akayafungua maneno yenyewe. *Si* ilikuwepo, mahali pake, imeandikwa vizuri. Kwenye maandishi ipo, kwenye ukurasa haipo.

"Mtu akivuta pale," mama mkwe alisema taratibu, bila kuinua macho, "damu inatoka haisimami. Nimekaa na mwanamke mmoja wa namna hiyo. Nilimshika mkono mpaka mkono ukapoa."

Mama Pambizo aliuchukua ukurasa, akausogeza dirishani kwenye mwanga, akaukaribisha puani. Ndani ya weusi wa ukingo, weusi juu ya weusi, aliona nukta za wino zilizokolea zaidi. Lilikuwa jino, ile ncha ndogo ya herufi. *Si* ilikuwa imezama ndani ya ukingo wa kulia. Na kile kijiti cha kumwonya, ambacho alikitafuta upande wa kushoto hadi akachoka, kilikuwa kimezama hapo hapo kando yake.

"Soma mengine," alisema. "Maboksi yote, mama. Soma kwa sauti."

Mama mkwe alisoma. Katika onyo la jivu, alikuwa ameandika jivu si dawa ya kitovu. Boksi lilisema jivu dawa ya kitovu. Katika onyo la kumpa mtoto mchanga maji, *usimpe* ilikuwa imepoteza kichwa, imebaki *mpe*. Lugha yetu inapokataa hukatalia mwanzoni: si, usi, hatu, hawa, yote husimama mbele. Na mbele ndiko mistari ilikokuwa inazama. Kila mstari uliofurika na kuanza na neno la kukataa ulikuwa umemeza sehemu ile ile inayomzuia mkono wa mtu.

Mama Pambizo alikimbia hadi kwenye mashine. Rola alikuwa tayari ameifunga sahani ya kwanza na anapanga karatasi.

"Simamisha."

"Nini?"

"Simamisha, Rola. Kitabu kinaua watu."

Rola alisikia safari hii. Alizima.

Daktari wa kituo alipigiwa simu, akaja kabla ya saa sita, bado amevaa koti lake jeupe. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, lakini si mtu wa dharau. Alisikiliza yote amesimama. Mkutano wa wakunga ulikuwa wiki inayofuata. Wengine wangetoka mbali, wengine walikuwa wameshaaga nyumbani.

"Tufanye hivi," alisema. "Tuchape kwa herufi za kawaida. Mimi najua si vile ulivyotaka, mama, lakini angalau hakuna kitakachozama."

"Kitazama chote," mama mkwe alijibu. "Hawatakisoma."

"Basi tupunguze ukubwa wa herufi, maneno yaenee."

"Binti yangu, wewe macho yako yana umri gani?"

Rola naye alitoa lake kwa sauti ya mnadani. "Mimi naona tuondoe ule ukingo mweusi. Ukiondoka, *si* itaonekana. Mchezo umekwisha."

Mama Pambizo alitikisa kichwa. "Itaonekana imekaa juu ya mchoro, nje ya mstari. Macho ya msomaji yanaanzia pale mistari mingine inapoanzia, yataipita. Halafu hujanijibu swali. Kwa nini imekwenda kulia? Kama sijui kwa nini, sijui iko wapi nyingine. Nipeni leo na kesho."

Daktari alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alimtazama mkwewe, kwa muda, kama anayempima mwanafunzi kabla ya kumkabidhi mzazi.

"Mpe," alisema. "Na mimi siondoki."

Akavuta kile kiti cha mbao hadi kando ya meza, akaketi.

Mama Pambizo aliacha kitabu kabisa. Alifungua ukurasa mtupu, akachora boksi dogo, lisilo na mchoro wala chochote, na ukingo wake akaufanya mwembamba kama unywele. Ndani akaandika neno moja mara nyingi mfululizo, *mtoto mtoto mtoto*, kwa herufi za kawaida, akazuia lisikatike. Mstari ukajaa, ukatoboa boksi upande wa kulia. Sawa, hivyo ndivyo inavyokuwa siku zote. Kisha akaandika lile lile kwa herufi za Kiarabu. Kwa akili yake, sasa lilitakiwa kutoboa kushoto. Likatoboa kulia.

Akarudia. Kulia tena.

"Umeona nini?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, ukiwa unaandika, mkono wako unauweka wapi kwanza?"

"Kulia. Si ndiko unakoanzia?"

"Hii inaweka kushoto. Inajua kwamba maneno yanasomwa kutoka kulia, inayapanga vizuri kabisa. Lakini mstari mzima ikishaumaliza, inaushika kwa mkia, inaubandika kushoto, halafu chochote kilichozidi inakisukumia kulia. Walioitengeneza wanaandika kutoka kushoto. Kwao kilichozidi ni mwisho wa mstari. Kwetu ni mwanzo."

Mama mkwe alifikiri. "Yaani mtoto anatoka miguu kwanza."

"Ndiyo," Mama Pambizo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Miguu kwanza, na kichwa kimebaki ndani."

"Basi tunajua la kufanya. Mgeuze."

Kumgeuza ndiyo kazi iliyokula mchana uliobaki. Programu ile ilikuwa ya wazi, mtu yeyote aliruhusiwa kuingia ndani ya mitambo yake na kuibadili, mradi ajue anachokigusa. Mama Pambizo alikuwa amejifunza hayo mwenyewe, kidogo kidogo, kwa ubishi tu. Alitafuta mahali mstari unapobandikwa. Alijaribu, kurasa zote zikatoka tupu. Alijaribu tena, mistari ikapandana kama watu kwenye foleni ya maji. Mama mkwe hakuuliza maswali. Alileta chai, akaiweka mbali na waya, akakaa. Jua lilipokuwa linaondoka dirishani, boksi dogo lile lilionyesha mstari umeanza kulia, umegusa ukingo barabara, na kilichozidi kimetokeza kushoto, kikiwa na kijiti chake. Kijiti alikuwa amekipaka rangi nyekundu, kisijifiche tena ndani ya kitu cheusi.

Asubuhi iliyofuata alikipitisha kitabu kizima katika programu ile iliyogeuzwa. Sasa *si* zote zilikuwa mahali pake. Lakini vijiti vyekundu vilitapakaa kushoto kote, maboksi kama yameota miiba.

"Haijapona," mama mkwe alisema.

"Haijapona. Sasa angalau inaonyesha inapouma."

Shida ilikuwa hii. Kwa herufi za kawaida, neno likiwa refu mno mwisho wa mstari, linakatwa katikati kwa kistari na kipande kinashuka chini. Herufi hizi hazikatwi. Neno linaingia zima au linashuka zima. Na neno zima likishuka, mstari wa juu unabaki na pengo kubwa, na programu ilichukia mapengo kuliko ilivyochukia kufurika. Ikipewa kuchagua, ililisukuma neno nje ya boksi. Mama Pambizo alijaribu kuiruhusu iache mapengo, maboksi yakatoka kama kinywa cha mzee, jino hapa, jino kule.

Alisugua macho. Pembeni yake mama mkwe alikuwa anaandika masahihisho madogo kando ya ukurasa kwa kalamu, pale penye nafasi finyu kati ya mchoro na ukingo wa karatasi. Mama Pambizo alimwangalia bila kufikiria. Kalamu ilifika karibu na mwisho wa nafasi, na neno lililofuata lilikuwa refu. Mama mkwe hakulibana. Alirudi kwenye neno alilokuwa nalo mkononi, akaivuta herufi moja kwa mstari mrefu laini, kama anayetandika shuka, mpaka nafasi ikajaa. Kisha akashuka chini na kuliandika lile refu kwa raha zake.

"Mama. Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Umeivuta."

"Nimeivuta ijae. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga kwa mapengo." Aliona uso wa mkwewe. "Kwani kompyuta haivuti?"

"Haijaambiwa."

Akaiambia. Haikuwa vigumu kuiambia ivute. Ugumu ulikuwa kuiambia ivute wapi. Mara ya kwanza ilivuta kila kitu ilichokikuta. Neno *mtoto* lilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Rola, aliyekuja kuchungulia, aliuliza kama hicho ni kitabu cha uzazi au cha mabaharia. Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaivaa tena na kazi ikaanza kweli. Sasa yeye ndiye aliyeongoza. Alikaa bega kwa bega na mkwewe, kidole kwenye skrini.

"Hapa sawa. Hapa umezidisha, punguza. Hapa hapavutwi."

"Kwa nini?"

"Herufi ya lamu na ya alifu zimekumbatiana. Waliokumbatiana hawavutwi."

Mama Pambizo aliandika sheria hiyo, programu ikatii.

"Na hapa?"

"Hapa mwanzo wa neno. Acha mtu aingie ndani kwanza. Vuta karibu na mwisho. Na neno moja kwenye mstari linatosha, yasivutwe yote, yataonekana yana usingizi."

Alisema mambo hayo kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Mkono wake ulikuwa umeandika herufi hizo tangu utotoni bila mtu kuuliza unafuata sheria gani, na sasa kila sheria ilipotoka alishangaa kidogo, kama anayegundua kwamba ana kitu mfukoni. Mama Pambizo naye alikuwa anaziweka moja baada ya nyingine, na kila alipokipitisha kitabu upya, vijiti vyekundu vilipungua. Mapengo hayakuwepo. Mistari ilijaa, kulia imenyooka, kushoto imenyooka, na hapa na pale herufi moja iliyolala imejinyoosha kwa utulivu.

"Unajua tunachofanya?" mama mkwe alisema katikati ya kazi. "Tunawaambia wasivute, na tunawaambia kwa kuvuta."

Mwishowe kilibaki kijiti kimoja. Neno *atakapomnyonyesha* lilikuwa refu kuliko subira ya programu, likatokeza nje ya boksi kushoto, limechomwa na wekundu wake.

"Hili halivutiki wala halishuki," Mama Pambizo alisema. "Boksi ni jembamba mno."

Mama mkwe aliliangalia. "Mimi ndiye niliyeliandika hivyo? Maneno mengi ya nini? Weka *akimnyonyesha*."

Akaweka. Akabonyeza. Wote wawili waliinama mbele kusubiri. Programu ilizipitia kurasa, moja hadi ya mwisho, na pale ilipozoea kuandika malalamiko yake pakabaki peupe.

Mama Pambizo aliegemea kiti. Mama mkwe alizichukua kurasa mpya zilizokuwa zikitoka bado na joto, akahamia kwenye mwanga wa dirisha, na akasoma kitabu kizima kwa sauti, kuanzia jalada hadi jalada, huku Mama Pambizo akifuatilia kwenye maandishi ya asili neno kwa neno. Alipofika kwenye boksi la kondo la nyuma alisoma, "Si salama," akatua, akasoma tena, "si salama," kisha akaendelea. Hakuna neno lililopotea mpaka mwisho.

"Rola," Mama Pambizo aliita kupitia mlangoni. Rola alitokeza kichwa. Mama Pambizo akamwitikia kwa kichwa.

Mashine ilinguruma siku nzima iliyofuata, na Rola hakukubali mtu mwingine yeyote aguse sahani.

Wakati vitabu vinashonwa, Mama Pambizo alifanya jambo moja la mwisho. Aliwaandikia wale wanaoitunza programu, watu walioko mbali, kila mmoja nchi yake, akawaonyesha boksi lake dogo la *mtoto mtoto mtoto* na marekebisho yake. Hakutegemea kitu. Jibu lilikuja kesho yake, limeandikwa na mtu ambaye lugha yake nayo huanzia kulia. Alisema kwa miaka mingi watu wa kwao wamekuwa wakiletewa malalamiko ya mistari iliyofurika wasione imefurikia wapi, wakaishia kuyazima. Marekebisho yamejaribiwa, yanafanya kazi, yameshaingizwa. Yeyote atakayepanga herufi za kulia kwa programu hiyo kuanzia sasa, mstari wake ukifurika utafurika kushoto, mahali pa haki. Aliuliza tu, mrekebishaji aandikwe kwa jina gani.

Akajibu, "Mama Pambizo."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kituo. Wakunga walikuja mapema kuliko viti. Walikuwa wanawake wa umri wa kila namna, wengi watu wazima, mikono minene ya kazi, kila mmoja amepakata mkoba. Daktari alifungua kwa maneno machache. Kisha mama mkwe akasimama, akagawa vitabu, na badala ya kuhutubia alimnyooshea kidole mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, mzito wa mwili, aliyejulikana kwa ubishi wake.

"Fungua popote. Utusomee."

"Miwani yangu nimeiacha."

"Jaribu bila miwani."

Mwanamke alifungua, akakisogeza kitabu mbali kidogo na uso, akakisogeza karibu, kisha akaanza. Alisoma polepole mstari wa kwanza, wa pili haraka zaidi, na kufikia wa tatu alikuwa anasoma kama anayezungumza. Lilikuwa somo la kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi. Alipomaliza hakukaa.

"Hapa mimi nina neno," alisema. "Mwandishi anasema mama ndiye amlaze kifuani. Na mama akiwa hajiwezi?"

"Baba," mtu alijibu kutoka upande mwingine.

"Baba gani, wa kwenu au wa kwetu?"

Kicheko kilipasuka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuurudisha ukumbi kwenye ratiba. Wanawake walifungua kurasa, wakasomeana, wakabishana na maboksi, wakaitana kuonyeshana michoro. Wengine walimzunguka daktari kumuuliza sababu za hili na lile, naye aliketi katikati yao akijibu, koti limekunjamana, akionekana ana furaha kuliko siku zote alizowahi kuhutubia. Mwanamke mmoja mkongwe alikaa peke yake pembeni, akikifuata kitabu kwa kidole, machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali, kwa sababu hakuwa amewahi kushika kitabu cha kazi yake ambacho hakuhitaji kusomewa.

Mama Pambizo alikuwa amesimama mlangoni na Rola, katikati ya maboksi matupu ya karatasi. Alikuja kuleta mzigo tu. Alipoona vitabu vimekwisha kugawiwa aliinama kuyakunja aondoke.

"Herufi hizi nani amezipanga?" yule mbishi wa nyuma aliuliza kwa sauti. "Nasoma bila miwani. Nani?"

Mama mkwe alipita katikati ya viti, akapita katikati ya wanawake, hadi mlangoni. Akamshika mkwewe mkono wa kulia, akauinua juu kama wanavyoinuliwa washindi wa ndondi.

"Huyu," alisema. "Miaka yote mlikuwa mnaniuliza huyu mke wa mwanangu anafanya kazi gani. Ndiyo hii."

Vigelegele vikaanzia mstari wa nyuma vikaja mbele. Rola, ambaye hakusikia kilichosemwa ila aliona mkono uko juu, alipiga makofi kuliko wote. Mama Pambizo alijaribu kuushusha mkono, lakini yule mzee alikuwa ameushika kwa nguvu za mtu aliyezoea kutomwachia mtu, na hakuuachia mpaka ukumbi mzima ulipokuwa umemwona.